Kabla Yake au Baada Yake

Ntirampeba alipoingia uani, watu waliokuwa wamekaa kwenye mkeka walisogea. Mama mmoja alimvutia mtoto wake mapajani, mwingine akainuka kabisa na kwenda kuegemea ukuta wa jiko, na mkeka uliokuwa umejaa watu ukabaki na nafasi ya kumtosha mtu kulala. Ntirampeba aliiona nafasi ile. Hakukaa. Alichuchumaa kwenye vumbi karibu na migomba, akakohoa huku ameziba mdomo kwa mkono wa shati.

Ilikuwa mwaka 1995, Kasulo, wilayani Ngara, mwendo wa nusu saa kutoka kambi kubwa ya wakimbizi. Ntirampeba hakuwa mkimbizi; alikuwa mtu wa hapo hapo, kibarua wa kushusha magunia kwenye malori ya chakula, na kwa miezi mitano alikuwa amekonda mpaka suruali yake ikawa inafungwa kwa kamba ya katani. Kila mtu alijua anaumwa nini, na kila mtu alikuwa na namna yake ya kutoutaja ugonjwa wenyewe. Deodata, mama mwenye nyumba, alimletea maji katika kopo la bati ambalo halikutumiwa na mtu mwingine. Alipokwisha kunywa, Deodata alilipokea kwa ncha za vidole, akalitundika kwenye kijiti cha uzio, mbali na vyombo vya nyumba.

Mumewe, Anatory, akatoka ndani na mkoba. Kwa miaka sita alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya huko mbali, akipiga deki na kubeba wagonjwa, na humo ndimo alimojifunza kuchoma sindano kwa kutazama. Tangu wakimbizi waje, zahanati zilikuwa zimezidiwa, na watu hawakuwa na imani na vidonge. Walitaka sindano. Wengine walileta bakuli la maharage ya msaada, wengine mafuta ya kupikia, na wote walimwita daktari.

Alimchoma Ntirampeba penisilini. Akachomoa sindano, akavuta maji ya moto kutoka kwenye kikombe kilichojazwa kwa chupa ya chai, akayamwaga, akavuta tena, akayamwaga, kisha akaipangusa sindano kwa pamba yenye spiriti. Akauliza nani anafuata. Aliyefuata alikuwa Ildefonsa, jirani yao, mwenye homa na mimba ya miezi mitatu. Ndiye yule aliyekuwa ameinuka ili asikae mkeka mmoja na Ntirampeba. Alishusha kanga begani, akageuza uso pembeni, akachomwa. Kisha akashukuru, akaenda zake.

Mtu wa mwisho siku hiyo, kama kawaida, alikuwa Kankindi, mama yake Anatory, aliyekuwa na maumivu ya mgongo. Mwanawe alimchoma wageni walipokwisha kuondoka.

*

Wiki ile ile wanawake wa mtaa waliitwa kwenye darasa la kanisani. Mwalimu alikuwa Nimpaye, muuguzi Mrundi aliyeishi kambini, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, na pale kilipomwishia alitumia Kirundi, nao wenyeji, Wahangaza, ambao lugha yao inakaribiana nacho, wakamwelewa bila shida.

Aliwaambia kwamba UKIMWI haukai kwenye sahani wala kwenye mkeka. Haupiti kwa kushikana mikono, wala kwa kikohozi, wala kwa mbu. Wengi wanaupata kwa kulala na mwenye virusi bila kinga. Alitoa kondomu mkobani, wanawake wakacheka ndani ya kanga zao, naye akasubiri wamalize, kisha akawaonyesha jinsi ya kuifungua na kuivaa. Mama anaweza kumwambukiza mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaa, au kwa kunyonyesha. Na damu. Damu ya mtu ikiingia katika damu ya mwingine, kwa wembe au kwa sindano.

Deodata alikuwa amekaa nyuma. Alinyoosha mkono, akauliza kama sindano ikisafishwa kwa maji ya moto bado ina hatari.

Nimpaye alichukua bomba la sindano, akavuta wino mwekundu, akaumwaga. Akalisuuza kwa maji ya chupa ya chai mara mbili, mbele yao. Halafu akavuta maji safi ya kunywa na kuyarushia kitambaa cheupe kilichokuwa mezani. Kitambaa kikapata doa la waridi.

"Huu ni wino, mnauona," alisema. "Damu ndogo kuliko hii hamtaiona."

Alieleza kwamba kila mtu achomwe kwa sindano mpya, na kama hakuna, bomba na sindano vitenganishwe na kuchemshwa dakika ishirini tangu maji yanapoanza kutokota. Wengine waliendelea kuuliza habari za kondomu. Deodata hakusikia tena. Alikuwa akihesabu watu waliopita uani kwake tangu mavuno, akapotea, akaanza upya, akapotea tena.

*

Alimkuta mumewe akiziba pancha ya baiskeli. Alimsalimu, akaweka kanga chini, kisha akamuuliza ana sindano ngapi.

Anatory alisema anazo za kutosha. Mkewe aliposisitiza, alisema tatu, na mabomba mawili. Deodata alimsimulia habari ya wino. Anatory alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa na gundi, kisha akasema kwamba yeye amekaa hospitali miaka sita na huyo Mrundi amekaa nao saa mbili, na kama maji yale hayaui wadudu basi angekwisha kuzika nusu ya Kasulo.

Kankindi, aliyekuwa mlangoni akimenya maharage, aliingilia. Alisema mgongo wake miaka miwili iliyopita haukuweza kubeba hata ndoo, na leo anakwenda kisimani, na yote hayo ni kazi ya mwanawe. Mwanamke anayetoka darasani na kumhoji mumewe mlangoni hakujifunza kitu huko.

"Sikatai, Mama," Deodata alisema. "Nitachemsha mimi. Yeye achome."

Siku mbili za kwanza Anatory alimwachia. Deodata alipanga mafiga matatu uani, akaweka sufuria, akatenganisha mabomba na sindano na kuangalia saa ya mkononi aliyoiazima kanisani. Siku ya tatu walikuja watu kumi na wawili. Mmoja wao, mpakiaji wa malori, alilalamika kwamba gari litamwacha. Dakika tano baada ya maji kutokota, Anatory alishika kijiko akaingiza sufuriani.

"Bado," Deodata alisema.

Haikuwa sauti kubwa, lakini wote walisikia. Mpakiaji akacheka, akasema kumbe daktari naye ana daktari wake. Wengine wakacheka pia, wala si kwa ubaya. Walikuwa wamechoka kungoja. Anatory alisimama na kijiko mkononi. Kisha akainua sufuria kwa pindo la shati, akamwaga maji yote juu ya moto. Majivu yakaruka mpaka kwenye sketi ya Deodata. Anatory akaokota sindano kutoka ndani ya sufuria na kuanza kazi, na hakuna aliyeondoka.

*

Ntirampeba alifariki siku tisa baadaye. Walimzika asubuhi, watu wachache, na waliombeba walifunga mifuko ya plastiki mikononi.

Ildefonsa alikuja kutoka mazikoni moja kwa moja. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio, akamwita Deodata, na Deodata alipotoka aliona kwamba mwenzake alikuwa amejifunga kanga ya pili kiunoni kwa nguvu, kama mtu anayekwenda safari. Yeye pia alikuwa kwenye lile darasa la kanisani.

"Mama Irine," alisema, "siku ile niliyokuja na homa. Nilichomwa kabla yake au baada yake?"

Deodata alikumbuka vizuri. Alikumbuka bega na jinsi uso ulivyogeuzwa. Alifikiria kusema kwamba amesahau, na hakuna ambaye angemlaumu, maana watu walikuwa wengi siku hiyo. Ildefonsa alikuwa ameshika kijiti cha uzio kwa mikono yote miwili.

"Baada yake," alisema.

Ildefonsa aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akashika tumbo lake, akageuka, akaenda. Hakulia wala hakutukana, na Deodata alibaki pale akiona afadhali angetukanwa.

Neno lilienea kabla ya jua kutua. Kesho yake uani hapakuja mtu, wala kesho kutwa. Anatory alikaa kwenye kigoda akisafisha mnyororo wa baiskeli ambao ulikuwa safi tayari. Aliinuka, akaenda mpaka barabarani, akarudi. Alimuuliza mkewe amewaambia watu nini. Deodata alisema amejibu swali aliloulizwa. Anatory alisema kuna maswali ambayo mke wa mtu hayajibu. Walikuwa na mtoto mmoja, Irine, wa miaka minane. Siku hizo alikuwa akirudi shuleni na kukaa kimya chini ya dirisha, maana wenzake walikuwa wamemwambia asiwaguse.

Siku ya nne Anatory alifunga mkoba kwenye baiskeli. Alisema anakwenda kutafuta dawa. Hakusema wapi, na wala hakuangalia nyuma.

*

Zikapita siku kumi. Habari zake zililetwa na yule mpakiaji wa malori, ambaye jina lake lilikuwa Audax. Alikuja mwenyewe, kofia mkononi, bila mzaha safari hii. Alikuwa amepita Kaniha, upande wa Biharamulo, akamwona Anatory kwenye boma la mfugaji mmoja. Watu wamejipanga tangu asubuhi, alisema. Wanamwita daktari kutoka Ngara.

Deodata alianza kupiga hatua uani, kutoka jikoni mpaka kwenye uzio na kurudi. Kaniha hapakuwa na Nimpaye. Hapakuwa na mtu aliyemjua Ntirampeba. Akilini alimwona kila mtu kwenye mstari ule akishusha nguo begani na kugeuza uso.

Alimwambia mama mkwe wake kwamba kesho anakwenda. Kankindi alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mimi huwa ananichoma wa ngapi?" aliuliza.

"Wa mwisho, Mama. Wageni kwanza."

Kankindi aliokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa. Akaokota lingine.

"Nenda," alisema. "Irine nitakaa naye. Ila usimpeleke kwa polisi, mwanangu. Mrudishe tu."

Siku hizo malori yalipita kwenye pori kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi. Audax alimtafutia nafasi juu ya magunia. Kulikuwa na vumbi na joto, na kila gari la mbele liliposimama, watu waliinamisha vichwa. Deodata hakuwa akiwaza majambazi. Alikuwa akimkumbuka Irine mwaka uliopita, mwenye malaria, amelala kitandani, na baba yake akichana karatasi ya sindano mpya kwa meno. Kila Irine alipougua ilikuwa hivyo. Sindano mpya, bomba jipya, vilivyonunuliwa duka la dawa Ngara mjini. Deodata alikuwa ameuona kuwa ni upendo wa baba, na kweli ulikuwa upendo. Lakini hapo juu ya magunia aliuona upande wake wa pili, akashika kamba ya turubai kwa nguvu mpaka viganja vikamuuma.

Alishuka njia panda ya Lusahunga. Kutoka hapo alitembea, na mwenye baiskeli mmoja akamsaidia kipande cha njia. Alifika Kaniha mchana wa siku ya pili.

*

Boma lilikuwa la Yohanes, mzee mwenye ng'ombe wengi na sauti ya chini. Watu kama ishirini walikuwa wamekaa kivulini mwa ghala. Anatory alikuwa kwenye kiti cha heshima, chenye mgongo, na mbele yake mama kijana aitwaye Selestina alikuwa amempakata mtoto wa miaka mitatu, kaptula imeshushwa. Kikombe cha maji ya moto kilikuwa juu ya stuli.

Deodata alimwamkia Yohanes kwa kupiga goti, akasema ni mke wa daktari. Yohanes aliitikia marahaba, akafurahi, akaagiza aletewe uji. Anatory alikuwa ameganda, bomba likiwa juu.

Deodata aliwaambia waliokaa kwamba sindano ile inapita kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kwamba kule kwao imemchoma mgonjwa wa UKIMWI ambaye sasa amezikwa, na kwamba maji ya chupa ya chai hayatoshi. Alisema akiwa amepiga magoti bado. Watu walitazamana. Mzee mmoja alisema wanawake wa siku hizi wakikosana na waume zao wanawafuata mpaka kazini. Yohanes, kwa upole, alimwambia mama mgeni kwamba mambo ya nyumba yana wakati wake. Angoje daktari amalize kazi, kisha watakaa na kusuluhishwa.

Selestina peke yake ndiye aliyekuwa akiitazama ile sindano.

Deodata akainuka. Hakuwatazama tena wengine.

"Baba Irine," alisema, "Irine akiugua, unamchoma kwa sindano ipi?"

Ng'ombe walikuwa wakisukumana zizini na mtu alitaka kuuliza kitu, Yohanes akamnyamazisha kwa mkono.

"Mpya," Anatory alisema.

"Kwa nini?"

"Ni mtoto. Mwili wake ni laini."

Alisema hivyo na kuitazama kaptula iliyoshushwa na paja la mtoto mbele yake. Selestina alimpandisha mtoto kaptula, polepole, akafunga kifungo. Kisha akainuka, akampita Anatory na kwenda kusimama upande wa Deodata.

"Ni kweli anayosema mke wako?" Yohanes aliuliza.

Anatory aliliweka bomba juu ya stuli.

"Ni kweli, Mzee."

Hawakumpiga, ingawa vijana wawili walitaka. Yohanes mwenyewe alikuwa amechomwa siku mbili kabla, pamoja na wake zake wote wawili. Kisha akauchukua mkoba, akautumbukiza kwenye shimo la choo na kurudi. Alimuuliza Deodata wafanye nini sasa, na Deodata akampa aliyopewa na Nimpaye: kwamba hakuna anayejua mpaka damu ipimwe, na damu haisemi kitu cha hakika mpaka ipite miezi mitatu, kwamba katika miezi hiyo mke na mume watumie kinga au walale mbalimbali, kwamba sahani na mikeka waendelee kuvitumia pamoja. Alirudia mara tatu, kwa maana kila mara kuna mtu alikuwa hajasikia. Selestina alimshikilia mkono muda wote huo.

*

Miezi mitatu ilikuwa mirefu Kasulo. Anatory alirudi shambani. Hakuwa mtu wa kulima, na jembe lilimtoa malengelenge. Deodata alimwambia kuhusu kinga nyumbani kwao wenyewe, na alipomwekea pakiti kutoka kwa Nimpaye chini ya mto, Anatory hakubisha. Usingizi ulimpaa, aliinuka kila mara kana kwamba mtu amebisha hodi. Ildefonsa alipita njia nyingine kwenda kisimani. Tumbo lake lilikuwa limekua.

Walikwenda hospitali siku moja, kwenye gari la shirika la misaada: Anatory, Deodata, Kankindi, Ildefonsa na mumewe, na wengine sita wa mtaa. Majibu yalitoka baada ya wiki mbili, wakarudi huko wote, na kila mtu aliitwa peke yake. Ildefonsa alitoka kwanza. Alikaa kwenye nyasi, akafunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti, mpaka mumewe alipomwinamia na kugundua kwamba alikuwa akilia kwa ahueni. Deodata alikuwa salama. Anatory alikuwa salama.

Kankindi alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Damu yake ilikuwa imepimwa mara ya pili ili kuhakikisha. Alipotoka, alitembea kwa mwendo wake wa siku zote na kuketi kwenye benchi kati ya mwanawe na mkwewe.

"Ninao," alisema.

Alikuwa mjane kwa miaka ishirini na miwili. Anatory aliteremka kwenye benchi mpaka chini, akamshika mama yake miguu, na Kankindi akamwacha amshike. Alisema kwamba muuguzi amemweleza hakuna dawa ya kuuondoa, ila kila ugonjwa unaokuja utibiwe mapema, na kwamba anaweza kumpikia Irine na kulala naye kitanda kimoja. Alimtaka Deodata amhakikishie hilo la mwisho. Deodata alimhakikishia.

Njiani Deodata alimnong'oneza kwamba wao hawatamwambia mtu. Kankindi alimgeukia.

"Mimi ndiye wa kusema," alijibu. "Mtu akimwona mzee kama mimi, hatauliza nililala na nani. Atauliza la sindano."

*

Nimpaye alimpa nafasi kwenye darasa la mwezi uliofuata. Safari hii walikuja wanaume pia, wakasimama nyuma karibu na mlango. Kankindi alisimama mbele amejifunga kitenge chake cha kanisani. Alisema jina lake, idadi ya wajukuu wake na mwaka aliofariki mume wake. Alisema hajamjua mwanamume tangu hapo. Alisema ana virusi, na kwamba vilipita kwenye bega lake la kushoto, mgongo ulipokuwa ukimsumbua.

Hakuna aliyecheka ndani ya kanga. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye walikaa walipokuwa, wala hawakusogea.

Mwanamke mmoja aliyekuja kutoka kijiji cha pili akainuka. "Samahani, Bibi. Nani alikuchoma?"

Kankindi alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini si hilo. Alitazama mikono yake. Alifungua kinywa, na Deodata, aliyekuwa safu ya mbele, aliona kwamba alikuwa akitafuta uongo na hakuupata.

"Ni mimi," ilisikika sauti kutoka mlangoni. Anatory alikuwa amepiga hatua moja mbele ya wanaume wengine. "Ni mama yangu. Nilimchoma mimi."

Mwanamke mmoja kando ya dirisha akauliza yeye alichomwa wiki ya Pasaka, je, nani alimtangulia. Mwingine akauliza habari za mtoto wake mwenye surua. Mwingine akainuka, na mwingine. Hakuna aliyepaza sauti. Anatory alisimama katikati yao na kujibu mmoja baada ya mwingine, kadiri alivyokumbuka. Na pale aliposhindwa kukumbuka, Deodata aliinuka na kujibu yeye.